Masikio ya wazimamoto pia yahitaji kinga

Moto na moshi huonekana, lakini kelele za king'ora na pampu humdhuru mzimamoto polepole. Huua seli za kusikia ndani ya sikio, nazo zikifa hazioti tena.

Kanuni za Kenya za mwaka 2005 haziruhusu mfanyakazi kukabiliwa na kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8. Kwa kuwa katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti huduma za zimamoto, katika Isiolo jukumu la kuwapa wazimamoto kinga ni la serikali ya kaunti.

Baadhi ya wazimamoto huepuka vizibo vya masikio wakihofia kutosikia amri au kilio cha aliyenaswa. Ndani ya jengo linaloungua, hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, garini na kando ya pampu, vifunika masikio vyenye redio huzuia kelele na kupitisha amri. Aliyepoteza usikivu hatakisikia kilio hicho kamwe.