Kutafuta historia ya ukoo Kibaha na Kisarawe

Kutafuta historia ya ukoo katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoa wa Pwani, Tanzania, ni kazi ya kufuatilia vizazi vilivyopita kwa njia ya masimulizi ya wazee, makaburi, majina ya mahali, vilabu vya pombe, mitaa na hati chache zilizopo. Watu wengi waliozaliwa huko zamani hawakupata cheti cha kuzaliwa, hivyo kumbukumbu yao imebaki zaidi mahali walipoishi kuliko kwenye karatasi.

Kazi hiyo ina umuhimu wa kisheria pia. Wilaya hizo ziko jirani na jiji la Dar es Salaam, na mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo yanageuzwa kuwa viwanja. Mtu akifariki, mahakama ya mwanzo kwa kawaida huomba muhtasari wa kikao cha ukoo kabla ya kuteua msimamizi wa mirathi. Asiyeweza kuonyesha uhusiano wake na marehemu anaweza kukosa haki yake.

Ukoo wa Wazaramo

Wenyeji wa sehemu kubwa ya eneo hilo ni Wazaramo. Masimulizi yao yanataja asili katika milima ya Uluguru, pamoja na kiongozi aliyeitwa Pazi aliyewashinda Wakamba huko pwani. Kijadi ukoo ulihesabiwa kupitia kwa mama, huku mtu akichukua pia jina la upande wa baba.

Majina matatu yanayotumika shuleni na ofisini, yaani la mtu, la baba na la babu, hayaonyeshi upande wa mama. Kwa hiyo mtafiti anayetegemea hati peke yake hupoteza nusu ya ukoo. Wanawake wazee, hasa waliosimamia ngoma za mwali, mara nyingi hujua ukoo wa mama ambao haukuandikwa popote.

Reli, mkonge na vilabu

Si kila familia ya Kibaha na Kisarawe ni ya Wazaramo. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, ukipitia Soga na Ruvu. Mashamba ya mkonge yalileta manamba, yaani vibarua wa mkataba kutoka mikoa ya mbali. Baadaye Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa Denmark, Ufini, Norwei na Uswidi na kukabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970, lilileta walimu, wauguzi na wafanyakazi wengine.

Kwa wageni hao kilabu cha pombe kilikuwa mahali pa kukutana na watu wa kwao, kupata habari za nyumbani na kutafuta kazi. Palinywewa tembo la mnazi lililogemwa jirani au pombe ya nafaka, ambayo wapishi wake walikuwa hasa wanawake. Kumtafuta mwenye kilabu au watoto wake kunaweza kufungua habari za babu ambaye hakuacha ndugu karibu. Kwa Waislamu wasiokunywa, nafasi hiyo ilishikwa na baraza la kahawa na msikiti.

Mitaa ya Dar es Salaam

Familia nyingi zilikuwa na shamba Kisarawe na chumba mjini, hasa Kariakoo na Ilala. Anayetafuta nyumba ya zamani inampasa kujua majina yaliyobadilika: Kichwele sasa ni Mtaa wa Uhuru, New Street ni Lumumba, na Barabara ya Pugu ni Barabara ya Nyerere.

Hati

Wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walifika Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890. Daftari za ubatizo na ndoa hutaja majina ya wazazi na tarehe. Nyaraka za utawala wa Wajerumani na Waingereza zimehifadhiwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam. Usajili wa vizazi na vifo uko chini ya RITA.

Mambo ya kuangalia

Majina hufanana. Masaki ya Kisarawe si Masaki ya Dar es Salaam. Chole ya Kisarawe si kisiwa cha Chole karibu na Mafia. Na Kongowe ya Kibaha si Kongowe ya upande wa Mbagala.

Mipaka pia imehama. Wilaya ya Mkuranga ilitengwa kutoka Kisarawe, hivyo hati ya zamani inayosema "Kisarawe" inaweza kuhusu kijiji kilichoko Mkuranga leo.

Tena, kati ya miaka 1973 na 1976 watu wengi nchini walihamishiwa vijiji vya ujamaa. Makaburi ya familia yanaweza kuwa mbali na kijiji cha sasa, kwenye mahame yanayotambulika kwa miembe mikubwa na minazi iliyozeeka. Mahame hayo yakishauzwa na kusawazishwa, ushahidi huo hupotea. Kwa sababu hiyo ni vema kuyatembelea pamoja na wazee wanaoyajua na kuandika majina mapema.

Tazama pia

Wazaramo
Mkoa wa Pwani
Reli ya Kati (Tanzania)
Kariakoo