Kijani cha Tsavo, vumbi la Mererani

Anayechimba kisima Kajaga, Burundi, hukutana na mchanga na tope la Mto Rusizi. Kwa hesabu za wanajiolojia, hiyo ni ardhi ya juzi tu. Milima ya nchi hiyo ina miamba mikongwe yenye bati, koltani na dhahabu. Lakini kwa tsavoraiti, kito cha kijani kilicho adimu kuliko zumaridi, inabidi uende mashariki.

Yapata miaka milioni 600 iliyopita mabara makubwa yaligongana, na ukanda wa mgongano huo unapita Kenya, Tanzania hadi Madagaska. Tope la baharini lenye mabaki ya viumbe lilizikwa likapikwa kwa joto na mgandamizo. Mabaki yakawa grafaiti nyeusi. Madini ya vanadi yaliyokuwemo yakaingia katika fuwele za ganeti na kuzipa ukijani: hiyo ndiyo tsavoraiti.

Mwanajiolojia Mskoti, Campbell Bridges, aliikuta tsavoraiti mwaka 1967 huko Lemshuko, Simanjiro, Tanzania, kisha akaifuata hadi Taita-Taveta, Kenya. Mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ikaitangaza kwa jina la mbuga ya Tsavo. Bridges aliuawa karibu na Voi mwaka 2009, katikati ya mgogoro wa machimbo.

Zumaridi nyingi hutiwa mafuta kuficha nyufa. Tsavoraiti kwa kawaida huuzwa ilivyotoka ardhini, ikiwa imekatwa tu na kung'arishwa. Kwangu mimi, hapo ndipo ilipo thamani yake hasa. Ila nyingi ni ndogo, na inayozidi karati 3 ni nadra. Ndiyo maana ile iitwayo Simba wa Mererani, kwa jina la mji wa machimbo huko Simanjiro, yenye karati 116.76, yaani gramu 23 na kitu, ilipokelewa na makumbusho ya Smithsonian ya Marekani mwaka 2023.

Dukani hawakuambii habari ya vumbi. Mwamba wenye tsavoraiti una kwatsi pia, na mwanaapolo, yaani mchimbaji wa huko, akichoronga pakavu huvuta chembe zisizoonekana kwa macho, zinazofika hadi vifuko vya mapafu. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, hufa, na pafu hubaki na makovu. Hiyo ndiyo silikosisi. Haina tiba ya kuiponya, na huipa njia kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, inawajua vyema wagonjwa wa Mererani.

Kitambaa puani hakitoshi. Kinachosaidia ni kuchoronga kwa maji, kuingiza hewa shimoni na barakoa maalumu. Wachimbaji wa bati na koltani wa Kabarore, Burundi, nao hupasua kwatsi, kwa hiyo mwenye kikohozi cha wiki mbili akapimwe makohozi, na amwambie daktari kazi anayofanya.