Usiuze joistiki yako bado, panga mihimili kwanza

Hebu tuambiane ukweli. Umenunua joistiki yako ya kwanza, ukaichomeka, ukafungua mchezo wa ndege za kivita, na ndani ya dakika mbili ndege iko kichwa chini miguu juu. Sasa unafikiria kumuuzia rafiki yako kwa nusu bei. Subiri kwanza, bro. Mara nyingi kifaa kiko sawa kabisa. Kilichobaki ni nusu saa ya kazi ambayo wengi hatuipendi: kupanga.

Na pesa yenyewe si ya kuchezea. Kwa bei ya joistiki mpya, kuna msee Mtwapa au Kilifi mjini anayelipa kodi ya chumba cha mwezi mzima. Kwa hivyo tusikilizane.

Tena usidhani haya ni mambo ya watu wa mbali. Neno "rubani" lilikuwa la chombo cha baharini kabla ndege hazijabuniwa. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka wa 1498, hapa hapa ndipo alipopata rubani wa kumvusha hadi Calicut kule India. Na mwaka wa 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Italia zilidondosha mabomu Malindi. Ndege za kivita tunazijua tangu enzi za mababu.

Sasa tuingie kazini. Nitatumia DCS World kama mfano, kwa sababu unaipakua bure na inakuja na ndege mbili za bure: TF-51D ya mazoezi isiyo na silaha, na Su-25T ya kushambulia ardhini. Kama unacheza War Thunder, majina kwenye menyu yatabadilika kidogo lakini akili ni ile ile.

Kwanza, kagua kifaa nje ya mchezo. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha bonyeza Enter. Chagua joistiki yako, fungua sifa zake, halafu isogeze pole pole. Kialama kwenye skrini kinafaa kufuata mkono wako bila kuruka. Kama kinatetemeka na hujaishika, rekebisha hapo kwanza. Usipeleke ugonjwa ndani ya mchezo.

Pili, futa kilichorudiwa. Hapa ndipo wengi huanguka. DCS ikiona kifaa kipya, hukipangia kazi yenyewe. Ukiwa na joistiki na throto zinazojitegemea, au hata padi ya PlayStation umeisahau kwenye USB, mchezo unaweza kuvipa vyote kazi moja. Vifaa viwili vinavuta pua ya ndege moja, kama manahodha wawili kwenye dau moja. Nenda kwenye vidhibiti, chagua ndege yako, fungua Axis Commands, na ufute kila kitu ambacho hukukipanga wewe.

Tatu, panga mihimili minne tu. Pitch ni pua kupanda na kushuka. Roll ni mabawa kulala kushoto na kulia. Rudder ni usukani wa mkia, na kwenye joistiki nyingi za bei nafuu kama Logitech Extreme 3D Pro, unaupata kwa kuzungusha fimbo yenyewe. Thrust ni throto, yaani nguvu ya injini. Su-25T ina injini mbili, kwa hivyo utaona pia throto ya kushoto na ya kulia. Kama una mkono mmoja tu wa throto, tumia ile ya jumla.

Ukivuta fimbo kwako, pua inapanda. Hiyo si kasoro, usiigeuze. Lakini throto ikifanya kinyume, yaani unasukuma mbele na injini inapoa, weka alama kwenye Invert na yameisha.

Nne, lainisha mkono. Fungua Axis Tune. Deadzone ni eneo la katikati ambalo mchezo haujali ukigusa. Anza na 2 hadi 5 kwa pua na mabawa. Kwa usukani wa kuzungusha unaweza kwenda juu kidogo, maana kiganja hujipinda chenyewe ukivuta fimbo kwa nguvu. Ukizidisha, ndege itakaa kama haikusikii, kisha iruke ghafla.

Curvature ndiyo tamu zaidi. Chuo nilikiacha katikati, lakini hesabu hii naielewa vizuri. Fimbo ya ndege halisi huwa ndefu, ya mezani ni fupi. Sentimita moja kwenye meza yako ni kama sogezo kubwa ndani ya ndege. Ukiweka 15 au 20, katikati panakuwa polepole na kingo zinakuwa kali. Kulenga shabaha ni kazi ya katikati, kwa hivyo bunduki itaanza kutulia. Throto iache bila mkunjo.

Tano, vitufe vya vita vikae kwenye vidole. Maana nzima ya kuwa na fimbo na throto ni mikono isitoke hapo wakati adui yuko nyuma yako. Kufyatua, kubadilisha silaha, breki za hewa, na mianga ya kuhadaa makombora: hivyo vyote viwe karibu. Kile kitufe kidogo cha juu kinachokwenda pande zote kipe kazi ya kuangalia huku na huku. Magurudumu na taa vinaweza kubaki kwenye kibodi.

Ukimaliza, usikimbilie vitani. Chukua TF-51D ujaribu kupaa. Ukisukuma throto yote kwa pupa, propela itaivuta ndege kushoto hadi nje ya njia. Ongeza pole pole huku ukikanyaga au kuzungusha usukani kulia. Ukipaa mara tano bila kuanguka, mpangilio wako umekubali.

Sasa jambo letu sisi wa Pwani: chumvi. Joistiki nyingi za bei nafuu hutumia potenshiometa, sehemu mbili zinazosuguana ndani. Unyevu, chumvi na vumbi vikiingia, kialama huanza kutetemeka. Ifunike kwa kitambaa ukimaliza, usiiache dirishani, na fundi anaweza kuipulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Ukijaliwa pesa baadaye, Thrustmaster T.16000M hutumia sensa za sumaku kwenye pua na mabawa, ambazo hazisuguani.

Na stima za huku tunazijua. Mpangilio wako umehifadhiwa ndani ya Saved Games, DCS, Config, Input. Nakili folda hiyo kwenye flashi. Siku kompyuta ikigoma, hutaanza upya. Pia tumia mlango ule ule wa USB kila siku, maana ukiuhamisha mchezo unaweza kudhani ni kifaa kipya.

Kwa nini ujisumbue hivi? Jeshi letu la Wanahewa hurusha F-5 kutoka kambi ya Laikipia, Nanyuki, ndege zilizoingia Somalia kwenye Operesheni Linda Nchi mwaka wa 2011. F-5E hiyo hiyo iko ndani ya DCS tangu 2016, ingawa ni ya kulipia. Mchezo haukupi leseni ya urubani, tusidanganyane. Lakini kijana wa Gede anaweza kujua kwa mikono yake jinsi ndege ile inavyobebwa, bila kumuomba mtu ruhusa.

Hiyo joistiki bado ni yako. Ipe nusu saa leo usiku.