SIMU INAWEZA KUMSAIDIA MGONJWA WA SARATANI NYUMBANI



Je, nyumbani kwako kuna mgonjwa wa saratani (kansa) aliyerudishwa kutoka hospitali kubwa? Usifikiri matibabu yamekwisha. Hata pale ugonjwa usipopona, maumivu yanaweza kupunguzwa. Huduma hii huitwa tiba shufaa. Hapa Uganda, shirika la Hospice Africa Uganda limeitoa tangu mwaka 1993. Tangu mwaka 2004, wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuandika morfini.

Kwa nini simu?
Safari ndefu ya gari humchosha mgonjwa na kumzidishia maumivu. Baada ya kumwona ana kwa ana mara ya kwanza, muuguzi anaweza kumfuatilia kwa simu, kubadilisha kipimo cha dawa na kukueleza la kufanya.

Kabla ya kupiga simu:
- Mwombe mgonjwa aonyeshe maumivu kwa vidole. Ngumi ni kwamba hayapo. Vidole 5 ni makali kabisa.
- Andika amekunywa dawa gani, kiasi gani, saa ngapi.
- Je, anapata choo? Anatapika? Analala usiku?
- Kaa karibu naye, aseme mwenyewe akiweza. Kama lugha ni shida, atafsiri mtu mzima anayemwamini, si mtoto.

Je, morfini ni mbaya?
Wengine husema ni dawa ya kufisha, au itamfanya mgonjwa mtumwa wake. Ikinywewa kama ilivyoagizwa kwa ajili ya maumivu, sivyo. Morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, hata kama maumivu hayajarudi. Ukingoja yarudi, yatakuwa magumu kuyatuliza. Hufunga choo, kwa hiyo uliza dawa ya kulainisha choo. Usiongeze kipimo bila kumwuliza muuguzi. Iweke mbali na watoto.

Simu haitoshi pale:
- anapotokwa damu nyingi;
- anaposhindwa kupumua;
- miguu inapolegea ghafla au anaposhindwa kukojoa;
- anapolala na haamki hata akiamshwa.
Mlete kituoni mara moja.

Huna simu au salio? Mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako akupigie. Kumtunza mgonjwa ni mzigo mzito. Usiubebe peke yako.