Nani Ataezeka Paa la Mjane?

Waandishi wa Nairobi wakiishiwa na habari huja Nyatike kutafuta mjane. Hufika Macalder kwa gari jeupe, humkalisha mama mmoja chini ya mwembe, humuuliza maswali ya tero, yaani kurithiwa kwa mjane, kisha huondoka na habari ileile ya mwaka jana: Wajaluo hurithi wanawake. Nyuma yao huja wahubiri wa krusedi na vipaza sauti, nao hututangazia kwamba mila zetu zote ni za shetani, tuziache tuishike Biblia. Makundi haya mawili hayaketi meza moja, lakini kuhusu sisi yana kauli moja: Ukristo wetu ni wa Jumapili tu.

Wangekaa nasi hadi Ijumaa alasiri wangejua kwamba hata siku wameikosea. Huku Nyanza Kusini Wasabato ni wengi. Mwaka 1906 Mkanada Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo, Mwafrika wa Malawi, walitua Gendia, ukingoni mwa ziwa katika Homa Bay ya leo, na mafundisho yao yakashuka kusini mpaka kwetu. Yalipofika yaliingia moja kwa moja jikoni.

Ijumaa ya kwetu ilianza Alhamisi. Mama alichambua maharage usiku, na asubuhi nyoyo ilikuwa jikoni, mahindi na maharage chungu kizima cha kutosha siku mbili, maana Jumamosi moto uliwashwa kwa kupasha tu. Maji yalitekwa mto Kuja mapema hadi mtungi wa mwisho ukajaa. Pasi ya makaa ilizunguka nyumba za majirani na kutufikia sisi ikiwa vuguvugu. Kucha zilikatwa, viatu vikapigwa rangi, madeni madogo ya sukari na chumvi yakalipwa. Aliyekuwa amegombana na mtu alitumwa akayamalize kabla jua halijazama, kwa sababu mama hakukubali ugomvi wa wiki uingie Sabato. Wachimbaji wa dhahabu waliokuwa Wasabato walitoka mashimoni mchana, wakanawa vumbi la mawe, huku wenzao wakiwacheka kwamba watawaachia mwamba mnono. Siku hizi mashine za kusaga mawe hazijui Ijumaa, na vijana wengi huona afadhali waombe msamaha Jumapili kuliko kupoteza zamu. Nyoyo yenyewe hununuliwa kibandani.

Kilichobaki imara ni samaki. Mambo ya Walawi, sura ya 11, inaruhusu samaki wenye mapezi na magamba. Basi sokoni ngege na mbuta kutoka Karungu ni wa kila mtu, lakini mumi, yaani kambare, hana magamba. Muuzaji akimwona mama wa Kisabato anakuja humsogeza mumi pembeni bila kuambiwa, akafunika na gunia. Muuzaji ninayemfikiria ni Mkatoliki wa kuzaliwa, na Walawi yake anaijua kuliko mashemasi wengi.

Mengine nayapita. Naki, kung'oa meno sita ya chini, kumekwisha na sijaona anayekulilia. Waumini wa kanisa la Legio Maria wana Got Kwer, mlima wao mtakatifu, hapa hapa Migori, alikozikwa mwanzilishi wao Simeo Ondeto mwaka 1991. Kanzu zao na rozari zao wataandika wenyewe. Juu ya mazishi, nchi nzima ilisema yote katika kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Mei 1987, baada ya mjane wake Wambui kuvutana mahakamani na ukoo wake wa Umira Kager juu ya mahali pa kumzika mpaka ukoo ukashinda. Sina la kuongeza.

Lakini tero siipiti. Katika mila, kifo hakikuvunja ndoa. Mjane alibaki mke wa marehemu, katika dala, yaani boma, ya marehemu, na watoto watakaozaliwa ni wa marehemu. Jater alikuwa shemeji au binamu, mara nyingi mtu mwenye mke na boma lake, aliyewekwa asimame mahali pa ndugu yake. Mwenye nyumba alipokufa, osuri, ule mti uliochomoza kileleni mwa paa, uliondolewa. Tangu hapo paa lile lilikuwa na kesi. Mjane hakuweza kuliezeka upya wala kujenga jingine kabla tero haijafanyika, na akikaidi, chira, yaani laana ya kuvunja mila, ilisemwa itawaandama wanawe. Jater ndiye aliyelifungua fundo hilo. Alileta nguzo, alikata nyasi, aliketi na wazee shamba lilipogombaniwa.

Sisemi kulikuwa na raha tupu. Wapo waliolazimishwa, na wapo mashemeji waliokuja kula wasirudi kujenga. UKIMWI ulipoingia, tero ilizika watu mfululizo. Hapo ndipo ukafanyika uchafu ambao babu zetu wasingeutambua: koo zikaanza kukodi mtu baki, mlevi wa senta, alale usiku mmoja, alipwe, aende zake. Wajibu wote ukatupwa, kikabaki kitanda. Hicho ndicho waandishi wanachokiita mila ya Wajaluo. Sheria ya mwaka 2015 ya kukinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani imekuweka kumrithi mjane kwa nguvu miongoni mwa dhuluma hizo, na mimi naiunga mkono.

Wahubiri ndio sielewani nao. Wanaipiga tero kwa Biblia ambayo ndani yake tero imekaa kitako. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inamwagiza ndugu wa marehemu amchukue mjane ili jina la marehemu lisifutike, na akikataa avuliwe kiatu mbele ya wazee. Masadukayo walipomletea Yesu mfano wa mwanamke aliyepitia ndugu saba, alijibu kuhusu ufufuo. Desturi yenyewe hakuigusa. Agano Jipya lilitoka kwa Dholuo mwaka 1926, Biblia nzima mwaka 1953. Bibi zetu wengi waliambiwa waache tero kabla hawajaweza kuisoma Torati yote kwa lugha yao, na walipoisoma walinyamaza kwa adabu tu. Si kwamba hapakuwa na Mkristo aliyeona mbali. Paul Mboya, mchungaji wa Kisabato na baadaye chifu wa Karachuonyo, aliziandika mila hizi kwa heshima katika Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938, na hakuna aliyemfukuza mbinguni.

Kitabu kinachowahusu hasa wanawake wa Macalder ni Ruthu. Mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu ulifungwa miaka ya 1960, ukaacha vilima vya mchanga uliokwisha kuoshwa. Tangu wakati huo wanawake, wajane wengi miongoni mwao, wamekuwa wakichakura mabaki ya wenzao, wakiponda, wakiosha kwenye karai, wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Torati ilimwamuru mwenye shamba asivune hadi pembeni, ili maskini waokote, na ndivyo Ruthu mjane alivyookota shambani mwa Boazi. Wenye mashimo wetu wengi ni washirika wazuri, fungu la kumi wanatoa, lakini sijasikia ibada ambako waliulizwa pembe ya shimo lao wamemwachia nani. Na Ruthu hakuburutwa. Alikwenda mwenyewe kwenye uga wa kupuria, Boazi akaketi langoni na wazee kumi, shamba na mjane wakazungumzwa hadharani. Hiyo ni tero yenye ridhaa, yenye mashahidi, na yenye mwanamume anayejua anabeba nini.

Mchungaji mmoja aliwahi kumtembelea dani, yaani bibi, wa jirani yetu kumpongeza kwa kukataa jater. Dani alimsikiliza hadi mwisho, akaonyesha juu. "Nimekusikia, Pasta, nyathina, mwanangu. Sasa paa hili utaliezeka wewe?"

Hakuliezeka. Waliliezeka akina mama wa Dorkasi, chama cha wanawake wa kanisa letu, waliochanga bati mojamoja kwa miezi kadhaa, na vijana wa kanisa wakapanda juu baada ya maombi. Wazee wa ukoo walinuna, wakatabiri chira, kisha walikuja kula. Tangu siku hiyo zimeezekwa nyumba nyingine, na nionavyo hakuna tafsiri ya Biblia iliyofanywa vizuri zaidi katika mji huu.

Ugomvi wa sasa umehamia kwenye kamati. Fedha za Dorkasi hazitoshi, na ndugu mmoja aliyesoma amefungua Timotheo wa Kwanza, sura ya 5, panapotajwa mjane asiyepungua miaka sitini, akataka orodha ya wajane wa kuezekewa ifuate hapo. Tena barua hiyohiyo inawataka wajane vijana waolewe. Vizuri. Wanaochakura mchanga wa mgodi ni wa miaka thelathini, arobaini, na watoto mgongoni. Akiolewa nje ya dala, shamba la watoto wake litalindwa na nani? Asipoolewa, atajengewa na nani? Yakobo, katika sura yake ya kwanza, alipotaja wajane na yatima hakuweka umri. Mimi nimo katika kamati hiyo, na kikao kijacho nitakwenda na Biblia yangu imefunguliwa hapo pamoja na bei ya mabati.