Bega la Barabara ya Kilwa ni la Nani?

Barabara ya Kilwa hupita Bungu, Kibiti na Ikwiriri, kisha huvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Ni njia kuu ya kwenda Lindi na Mtwara, lakini kwa wanavijiji ni njia ya sokoni, shambani na shuleni. Hata wakazi wa delta ya Rufiji, boti ikishawashusha Nyamisati, huibukia kwenye lami hii pale Bungu. Barabarani humo baiskeli yenye magunia ya mkaa au shehena ya nazi hugombea nafasi na basi la abiria. Mwenye mzigo huo hawezi kukwepa ghafla bila kuyumba, na basi lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa humgonga kwa nguvu inayozidi mara mbili na nusu ile ya kilomita 50, kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa mraba. Ndiyo maana mahitaji ya kwanza ni mawili: bega pana lililo sawa na lami, na matuta yanayolazimisha utii wa kikomo cha kilomita 50 kinachotakiwa kisheria penye makazi.

Wapo wanaosema kosa la ajali ni la waendesha baiskeli, kwa kuwa wengi huendesha usiku bila taa. Taa na viakisi mwanga vinahitajika kweli, ila kazi yake ni kumjulisha dereva kwamba mbele yake kuna mtu. Havimpi mtu huyo pa kupita. Wengine husema zama za baiskeli zimekwisha, sasa ni bodaboda. Lakini si kila mkulima anamudu petroli, na bega hilohilo humfaa pia mtembea kwa miguu. Hoja nzito zaidi dhidi ya bega ni mbili: fedha, na malori yanayogeuza bega kuwa maegesho. Ya pili hutatuliwa kwa kuyatengea malori uwanja wake nje ya barabara. Ya kwanza hupungua makali tukianza na vipande vinavyokatiza makazi tu, na kuvijenga wakati wa ukarabati, mitambo ikiwa tayari ipo kazini. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti, ukarabati ni jambo lisiloepukika. Basi madiwani waudai wakala wa barabara, TANROADS, bega hilo michoro ikiwa bado mezani, kwa sababu kulibomolea barabara iliyokwisha kamilika ni ghali zaidi.