Shule na Kaya katika Nchi ya Ugogo

Husemwa mara nyingi kwamba Wagogo walikawia kupeleka watoto shuleni kwa kuwa hawakuipenda elimu. Kauli hiyo haitoshi. Katika uwanda wa kati shule ilishindana na kazi ya kaya, wala historia yake haieleweki mpaka kaya yenyewe ifahamike kwanza.

Kaya ya Kigogo ni makao ya mzee, wake zake na watoto wao, katika nyumba za tembe, pamoja na zizi la ng'ombe. Mvua ya nchi hiyo ni haba, nayo hunyesha takriban Desemba hadi Aprili. Mtama na uwele vikikauka, ng'ombe ndio akiba: hubadilishwa kwa nafaka, na ndio mahari. Wachungaji wake ni vijana wa kiume. Basi mzee aliyeombwa kumpeleka mwanawe shuleni aliombwa kumtoa mchungaji wa mali yake. Tena kaya zilitawanyika, zikahama kufuata malisho, hata ikawa taabu kujenga shule iliyo karibu na wengi.

Wamisionari wa Church Missionary Society walifika Mpwapwa mwaka 1876, na baadaye wakaweka vituo Kongwa na Mvumi. Katika mafundisho ya dini walitumia sana Kigogo. Serikali ya Wajerumani, iliyohitaji makarani, ilifundisha kwa Kiswahili. Na neno shule, lenye asili ya Kijerumani, likaenea kando ya chuo, neno la zamani la mahali pa kusomea Kurani. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, Kiswahili kilipata mji. Hivyo mtoto wa Kigogo aliyesoma alivuka mipaka miwili, wa kaya na wa lugha.

Vita vya 1914–1918 vilichukua wapagazi, nafaka na mifugo. Ukame ulipofuata ikaja njaa iitwayo Mtunya, iliyoua watu wengi na kutawanya jamaa. Kaya iliyopoteza ng'ombe haikuwa tena na kazi ya kumzuia mtoto nyumbani, lakini haikuwa pia na chakula cha kumwezesha kusoma.

Mwaka 1926 serikali ya Waingereza ilifungua Mpwapwa mahali pa kufundishia walimu. Mwalimu mwenye mshahara aliwaonyesha majirani kwamba kalamu nayo huweza kuleta ng'ombe zizini. Ndivyo zilivyozuka jamaa za walimu na makasisi, ambazo watoto wao hawakugombewa sana na zizi. Hata utemi na shule vilikutana kwa jina: shule ya sekondari ya Alliance mjini Dodoma, iliyoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti, baadaye iliitwa Mazengo, kwa heshima ya mtemi wa Mvumi. Tangu 2007 mahali hapo pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana.

Sheria ya Elimu ya 1969 ilitia shule za misheni mikononi mwa serikali. Kisha Operesheni Dodoma, iliyoanza mwaka 1970, ilikusanya kaya vijijini, na mwaka 1977 ukaanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Shule ikaikaribia nyumba. Lakini mifugo mingi ilipokusanyika mahali pamoja, malisho yakawa mbali, na kazi ya mchungaji ikazidi kuwa nzito.

Kwa hiyo daftari la mahudhurio la shule ya Ugogo lafaa kusomwa pamoja na habari za mvua na za zizi. Nafasi tupu katika daftari hilo mara nyingi si alama ya uvivu wala ya ujinga, bali ya kaya iliyokuwa ikipima njia ya kuishi.